Haikuwa Ulozi, Ilikuwa Shingo Yangu

Wale wa "assalamu aleikum", amani iwe juu yenu. Wale wa "Bwana asifiwe", asifiwe milele. Na wewe uliyefika hapa umeshika kiuno na huna nguvu ya kuitika, kaa tu, tutakuitikia.

Aliyeniomba nisimame leo ni kine wetu, huyu dada anayetunyoosha viungo na misuli hapa kituoni. Aliniambia, "Mama, batakuja bagonjwa bapya. Ubaambie tu vile ilikuwa. Usiongeze chumvi." Basi sitaongeza chumvi. Na sitataja jina la mtu hata mmoja, maana katika habari hii mwenye kosa ni mimi, na jina langu mnalijua.

Mimi ni mshonaji. Wale watoto mnaowaona asubuhi hapa mjini Baraka na shati jeupe na sketi ya bluu, wengi wao kola zao zimepita chini ya sindano yangu. Nilikuwa nashona kwenye baraza moja karibu na soko, na pembeni yangu, mashine kwa mashine, alikaa rafiki yangu. Yeye anasali kwa Waprotestanti, mimi ni Mwislamu. Mwezi wa Ramadhani hakuwa anakula mbele yangu, na Noeli ikikaribia mimi ndiye niliyewashonea watoto wake nguo. Tulikaa hivyo miaka tisa. Uzi ukiniishia, nilinyoosha mkono bila kuangalia, na uzi ukaja.

Nawaomba mumkumbuke huyo rafiki, kwa sababu nitawaambia nilichomfanyia.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa mvua, nilipanda mlimani, Fizi-Centre, kupeleka sare za shule moja. Nikarudi kwa pikipiki. Ninyi mnaujua ule mteremko mvua ikiwa imenyesha, udongo unavyoteleza kama sabuni. Gurudumu la nyuma likakimbilia pembeni, nami nikarushwa. Niliangukia bega na upande wa kichwa, kwenye majani, shingo ikapinda, na ndani yake nikasikia kitu kidogo, kama kitambaa kinapoanza kuchanika.

Nikainuka. Hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika. Dereva akanikimbilia.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima. Ni kitenge tu njo imekufa."

Tukacheka, tukainua pikipiki, tukaendelea. Nyumbani mume wangu alinipaka mawese ya moto shingoni. Siku tatu shingo ilikuwa ngumu kama kuni, halafu ikalegea. Nikasahau. Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau kabisa, kama mtu anavyosahau mvua ya juzi.

Wiki mbili hivi zikapita. Asubuhi moja niko kwenye mashine, kichwa kikaanza. Wenye kichwa cha namna hiyo mtanielewa. Kinaanzia nyuma, hapa, pale shingo inapoingia kwenye fuvu. Kinapanda polepole juu ya sikio. Halafu kinakuja kukaa nyuma ya jicho la kulia, na kikishakaa hapo hakitoki. Mimi nilikuwa nasema ni kama mtu amepitisha sindano ya kushonea magunia kutoka kisogoni mpaka kwenye jicho, na kila nikigeuka anavuta uzi.

Jua likawa adui yangu. Mlio wa mashine yangu mwenyewe, niliokuwa naupenda, ukawa adui. Mume wangu anatengeneza injini za mitumbwi; zamani alikuwa anazileta nyumbani na kuzijaribu uani, watoto wanashangilia. Akaacha kuzileta. Akaanza kuvua ndara zake mlangoni ili nisisikie hatua zake. Mtu mzima, ndani ya nyumba yake, anatembea kama mwizi kwa ajili ya kichwa changu.

Na swala. Nikiinama kusujudu, damu yote inakimbilia kwenye lile jicho, naona nyota. Nikawa nasali nimekaa kwenye kiti kama nyanya wa miaka themanini. Nilikuwa na thelathini na nane.

Nilitafuta matibabu, msifikiri nilikaa tu. Nilipimwa malaria, nikanywa dawa ya malaria. Nilipimwa tumbo. Nilipimwa damu inavyokwenda. Nilipewa miwani. Siwalaumu madaktari wale. Kila mmoja alitibu kile nilichomwambia, na mimi nilikuwa nawaambia neno moja tu: kichwa. Sikusema hata mara moja: shingo. Sikusema hata mara moja: nilianguka.

Kwa hiyo nikajitibu mwenyewe. Nilinunua vidonge vya maumivu dukani, vile vinavyouzwa pamoja na sabuni na chumvi. Mwanzo viwili kwa siku. Halafu vinne. Mwisho nilikuwa nameza vinane, na nilivificha kwenye kopo la vifungo ili mume wangu asihesabu. Bamama, munanisikia? Nilikuwa namwambia mume wangu, "Leo sijanywa kitu," na kopo liko hapo kwenye mguu wangu, nikiligusa linalia vifungo na vidonge pamoja.

Nilikwenda hata kwa mtu mmoja anayenyoa watu, aliyesifiwa kwamba anajua kuvunja shingo. Hakuniuliza chochote. Alishika kidevu changu kwa mkono mmoja, kisogo kwa mwingine, akazungusha, kwaa! Nilisikia raha kidogo. Halafu dunia ikaanza kuzunguka. Nilitapika siku mbili, na vidole vya mkono huu wa kulia vikaingia ganzi, siwezi kushika sindano. Mungu alinihurumia, ganzi ikatoka baada ya siku chache. Yule kine aliposikia habari hiyo baadaye, aliweka mkono mdomoni. Wapo, alisema, ambao baada ya kitu kama hicho hawakuinuka.

Sasa nifike pale panaponiuma kusema.

Mama mkwe wangu ananipenda, na lile alilosema alilisema kwa kunipenda. Alikuja siku moja akakaa kwenye mkeka, akaniangalia nimefunga kitambaa kichwani, nimekaza mpaka mishipa imesimama.

"Mukwe wangu," akasema, "ugonjwa yenye hospitali haioni, ile ni ya kutumwa na batu."

Nikaenda kwanza kwa shehe wetu. Alinisomea, akaniombea, halafu akasema, "Mwanangu, dua tumefanya. Usiache kutafuta dawa pia. Rudi hospitali, uwaeleze upya toka mwanzo." Lingekuwa neno la kuniokoa lile, kama ningelisikia. Lakini mimi nilitaka jina la mtu. Mwenye maumivu ya muda mrefu, ndugu zangu, anafika mahali hatafuti tena dawa, anatafuta wa kumchukia.

Nikapanda mlimani kwa mfumu, yule anayepiga ramli. Aliangalia mikono yangu, akaona alama za sindano kwenye vidole. Hata mtoto angejua mimi ni mshonaji. Akafumba macho, akasema, "Mwenye kukutesa anashika sindano kama weye. Anakaa pembeni yako."

Nilishuka ule mlima nimelewa kwa hasira. Miaka tisa ikageuka kichwani mwangu, kila kitu kikapata maana nyingine. Kwa nini alinipa uzi kila mara? Aliweka nini kwenye uzi? Kwa nini wateja wake waliongezeka tangu niugue? Waliongezeka kwa sababu mimi sikuweza kushona, akili ya kawaida ingeniambia. Akili ya kawaida sikuwa nayo tena.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya soko. Nilimkuta amekwisha kufagia upande wake na upande wangu. Akainua uso.

"Dada, umeamkaje? Kichwa inapunguza?"

Nikapiga kelele mpaka waliokuwa wanapima samaki wakaacha kupima. "Unaniuliza nini? Weye njo unajua! Toa sindano yako mu kichwa yangu! Mulozi!"

Alikuwa ameshika ufagio, akauweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Aliniangalia. Nilitegemea nione uso wa mchawi aliyekamatwa, nikaona uso wa rafiki yangu.

Mnajua huku kwetu neno hilo likishatoka linafanya nini. Haliombi ushahidi. Wako waliokufa kwa neno hilo. Wateja wake hawakurudi. Watoto wake wakafukuzwa kwenye bomba la maji. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Haikupita wiki mbili, nilikuja barazani nikakuta upande wake mtupu, sakafuni kumebaki alama nne za miguu ya mashine. Walisema amechukua watoto amekwenda Mboko, kwa kaka yake.

Na kichwa? Kiliendelea kuuma vilevile. Mngefikiri hapo ningeamka. Hapana. Nilijiambia: anafanya akiwa kule kule Mboko.

Mwaka mzima ulipita hivyo.

Halafu mama mkwe wangu akavunjika kifundo cha mkono, akiteka maji. Walimfunga plasta hospitali, na plasta ilipotoka vidole vilikuwa vimekauka kama vya kuku. Akatumwa hapa kituoni afanyiwe mazoezi, na mimi nikamsindikiza. Sikuja kwa ajili yangu. Nilikaa kwenye lile benchi la pembeni, nimefumba jicho moja, nasubiri mambo ya wengine yaishe.

Kine alikuwa binti mwembamba, mdogo kwangu, mikono yake myembamba kama ya mtu anayesuka nywele. Alikuwa anakunja vidole vya mama mkwe, kimoja kimoja, akamwita mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nikageuka kuangalia nani anaitwa. Yule binti akaacha vidole.

"Mama, mbona unageuka na mabega?"

"Namna gani?"

"Geuka tena. Geuza kichwa tu, mabega ibaki."

Nikajaribu. Upande wa kushoto kichwa kilikwenda. Upande wa kulia kikaenda kidogo, kikakwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Kichwa inakuumaka?" akauliza.

Nikacheka kwa uchungu. "Iko na myaka mbili na zaidi."

"Inaanzia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza inaanzia wapi. Nikaweka mkono kisogoni.

"Mbele ya ile myaka mbili, ulianguka? Ulipigwa? Ulipata aksida?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu. "Alianguka pikipiki, kwa kushuka Fizi."

"Ile ilikuwa kitu kidogo," nikasema.

Binti akatikisa kichwa. "Mama, kichwa yako iko na uzito. Shingo njo inabeba. Kama ulirushwa, hakuna kitu kidogo."

Msifikiri alinishika siku hiyo hiyo. Kwanza alikataza kabisa mtu yeyote kunizungusha shingo. Alinigonga kwa kinyundo kwenye viwiko na magoti, akaniambia nikaze vidole, nisimame kwa mguu mmoja, nifuate kidole chake kwa macho. Halafu akanituma hospitali kupigwa picha ya mifupa, radio, akasema, "Bila kuona, sigusi." Nilirudi na ile picha. Akaiinua kwenye dirisha, na nikaiona shingo yangu mwenyewe, mifupa saba midogo imepangana, na juu yake fuvu langu limekaa kama mtungi juu ya kata. Nilishikwa na woga wa heshima. Kumbe miaka yote hii nilikuwa natembea na kitu cha ajabu namna hii chini ya kitambaa, na sijawahi hata kukiambia asante.

"Hakuna kilichovunjika," akasema. "Lala."

Nikalala chali. Akakaa nyuma ya kichwa changu, akapitisha mikono yake chini, nikasikia uzito wa kichwa changu unaingia kwenye viganja vyake. Akaanza kupapasa, mfupa mmoja, mwingine, taratibu, kama shehe anavyovuta tasbihi. Upande wa kushoto, hakuna kitu. Upande wa kulia, mfupa wa kwanza, hakuna kitu. Akashuka kidogo sana, upana wa punje ya mchele, akakandamiza.

Na maumivu yakaruka moja kwa moja mpaka nyuma ya jicho langu.

Yale yale. Si mengine yanayofanana nayo. Yale yaliyonikalisha kwenye kiti cha swala, yaliyomvua mume wangu ndara, yaliyonipandisha mlimani. Nikapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye!"

"Nani?" akauliza.

Nani. Neno hilo moja, ndugu zangu. Nililala pale, kidole cha mtoto wa watu kiko shingoni mwangu, na chini yake hapakuwa na mtu, ni mfupa tu.

Hakuondoa mikono. Alikishika kichwa, akakivuta kidogo sana, kama mtu anayetoa kizibo bila kutaka kumwaga, akausogeza ule mfupa polepole, huku na huku, mwendo mdogo ambao wewe usingeuona ukisimama mlangoni. Akaniambia nipumue. Sijui muda gani ulipita. Yale maumivu yakaanza kurudi nyuma: yakatoka kwenye jicho, yakashuka juu ya sikio, yakaingia kisogoni. Halafu kukawa kimya.

Nitawaelezaje ule ukimya? Nilisikia kuku nje. Nilisikia mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba ya tatu. Nilisikia pumzi yangu. Vitu hivyo vilikuwepo miaka yote, ila kichwani mwangu palikuwa na kelele, sikuwa navisikia. Subhanallah, nilisema, na sikusema kwa desturi ya mdomo. Nilisema kama mtu aliyeonyeshwa kitu.

Nikaanza kulia. Binti akaogopa. "Mama, nimekuumiza?"

"Hapana. Niambie tu. Jicho inauma, na kitu iko mu shingo. Inawezekana namna gani?"

Akaniambia hivi. Njia ya Fizi na njia ya Mboko, zote mbili zinaingia Baraka, zinakutana. Ukikaa pale sokoni ukasikia mtu analia, hujui ameshuka mlimani au ametoka Mboko. Mishipa inayoleta habari za sehemu ya juu ya shingo na inayoleta habari za jicho na paji la uso inaingia mahali pamoja ndani. Shingo inalia, akili inadhani ni jicho. "Mwili yako haikudanganya," akasema. "Weye njo ulisikia vibaya."

Alikuwa anasema habari za mishipa. Mimi nilisikia habari nyingine. Kama ugonjwa uko hapa, chini ya kidole hiki, umekaa hapa tangu siku ile ya pikipiki, basi haukuwa barazani. Haukuwa kwenye uzi. Haukuwa Mboko. Nililia mpaka mama mkwe akaja na ule mkono wake mgonjwa, akanishika mguu, na nikajua naye amefika pale nilipofika, kwa yule tuliyemfukuza.

Kupona hakukuwa kwa siku moja, wagonjwa wapya mnisikilize. Ule ukimya wa kwanza ulikaa mpaka alasiri, kichwa kikarudi. Nilikuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, karibu miezi minne. Vile vidonge nilivisema vyote, nikaleta na kopo lenyewe. Daktari wa hapa alinieleza kwamba vidonge vya maumivu vikinywewa kila siku, navyo vinazaa kichwa. Akanipunguzia. Siku kumi za kwanza nilidhani nitakufa. Kine alinifundisha kuvuta kidevu nyuma, hivi, kama mama anayekataa busu la mlevi; mnacheka, lakini fanyeni mara kumi, asubuhi na jioni. Mume wangu aliweka matofali mawili chini ya meza ya mashine ili nisiinamishe kichwa kama kuku anayedona. Nikaacha kubeba beseni kichwani. Kila wiki shingo ikageuka kidogo zaidi, na nilikuwa napima kwa dirisha la nyumbani: wiki hii naona mlango wa jirani, wiki ijayo naona na mti wake wa mapapai.

Mwezi wa tatu, adhuhuri moja, niliondoa kile kiti. Nikasimama, nikarukuu, nikashuka. Paji la uso likagusa mkeka. Nikangoja ile sindano. Nikangoja. Haikuja. Nilibaki pale chini, sikumbuki hata nilikuwa nasoma nini, mpaka binti yangu akaja mbio.

"Mama! Umekufa?"

"Hapana," nikasema na mdomo uko kwenye mkeka. "Niko nasujudu."

Siku ile mume wangu alikuja na injini uani, akaiwasha. Ikanguruma vibaya sana, moshi mtupu. Nikatoka mlangoni kuisikiliza. Akaizima, akafuta mikono.

"Shingo imepona," akasema. "Na ule mama ya Mboko?"

Nilipanda pikipiki kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Nilikuwa naogopa barabara, lakini nilikuwa naogopa zaidi kule ninakokwenda. Nilimkuta kando ya njia, amekaa nyuma ya mafungu ya muhogo mkavu. Amekonda. Mashine sikuiona. Aliniona nikishuka, akaendelea kupanga muhogo wake.

"Umekuja kufanya nini?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Nimekuja kuomba pardon. Haikukuwa weye. Ilikuwa shingo. Nilianguka, shingo ikaharibika."

"Shingo," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Miye nilijua haikukuwa miye. Sikukuwa nangojea uje uniambie."

Akapanga fungu lingine. Kisha akauacha muhogo.

"Mutoto wangu mukubwa aliacha masomo, sababu benzake banamuita mutoto ya mulozi. Ile neno uliisemea mu soko, batu yote iko, jua iko juu. Na pardon unaniletea huku pembeni ya muhogo, tuko sisi babili? Rudi. Uiseme pale uliisemea ile ingine."

Alisema haki. Siku ya soko iliyofuata nilisimama juu ya benchi mbele ya baraza letu. Nilipaza sauti, nikasema jina lake, nikasema nilimsingizia, nikasema yeye si mchawi na hakuwahi kuwa, nikasema nilianguka na nikatibiwa na nani na wapi. Wengine walicheka. Mmoja akasema nimelogwa mara ya pili. Mama mkwe wangu, mzee yule, akapanda akasimama pembeni yangu kwenye benchi, akapiga kelele kuliko mimi: "Na miye nilimusukuma! Muniandike na miye!" Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Mama mmoja muuza samaki alifunika uso kwa kitenge. Sikumuuliza kwa nini. Mawe yale juu ya bati yalikuwa na mikono iliyoyatupa.

Tuliirudia kazi hiyo siku tatu za soko. Nilikwenda kanisani kwake, nikaomba nafasi, nikasema tena. Nilikwenda kwa mkuu wa shule ya mtoto wake mkubwa, nikasema tena.

Amerudi Baraka na watoto wake wote, na yule mkubwa anasoma. Hatukai baraza moja. Ameweka mashine upande wa pili wa soko, na sikumwomba asogee. Tunasalimiana. Wiki iliyopita alinitumia gauni la arusi lililokatwa nusu, na maneno: "Ii shingo imenishinda, uikamate." Nilishona ile shingo ya gauni siku nzima, na kila mshono nilitaka uwe mdogo kuliko mwenzake.

Basi nashukuru. Nashukuru kine wetu, aliyeuliza swali kabla ya kushika. Nashukuru daktari aliyelipokea kopo langu bila kunicheka. Nashukuru mume wangu kwa matofali mawili na kwa lile swali lake. Mama mkwe wangu, kwa benchi. Na dada yangu ambaye leo hayuko hapa, na sikumwomba awepo: yeye aliniponya mahali ambapo mikono ya kine haifiki.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiumwa, eleza yote, hata kile unachokiona kidogo. Usimpe mtu shingo yako aizungushe kabla haijaonekana ndani. Na usikimbilie kutafuta jina la mtu. Mwili wako una mambo ya ajabu ambayo hujayajua bado, na jirani yako ana watoto.

Kichwa changu bado kinanitembelea, nikishona kupita kiasi. Kikija nakijua kinakotoka. Navuta kidevu, nanyoosha mabega, namwambia: karibu, na uende.

Yule mama wa kitenge cha kijani, pale nyuma kwenye nguzo. Nimekuona tangu nianze kusema: umefunga jicho moja, na jirani yako alipokusemesha uligeuka na mabega. Usione haya. Inuka polepole. Nipe mkono, tuingie wote, kine iko ndani.